Kompyuta tisa, jina moja la kuingilia: yaliyotokea ofisi moja Kirumba na tulivyorekebisha

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni fundi wa kompyuta, nazunguka ofisi ndogo za hapa Mwanza: Kirumba, Pansiansi, Igoma, mjini kati. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana na leo nimeamua kuliweka hapa lote. Ni refu, vuteni viti.

Kuna ofisi Kirumba, si mbali na Mwaloni. Wananunua dagaa na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) kutoka visiwani, wanauza nje ya nchi. Jina lao silitaji. Kompyuta tisa, swichi moja, ruta moja, printa mbili. Zote tisa zilikuwa na akaunti moja inayoitwa User, haina nywila, na ina mamlaka yote ya msimamizi. Aliyezifunga alitaka watu wapige kazi bila usumbufu. Folda ya manunuzi ilikaa kwenye kompyuta ya mhasibu, imeachwa wazi kwa yeyote aliye kwenye mtandao wa ofisi, asome, aandike, afute.

Siku moja mabondo yaliingia mara mbili kutoka kwa wakala yule yule wa Ukerewe. Asubuhi kilo 48, jioni kilo 36. Karani wa mizani, binti mmoja mtaratibu sana, aliandika mara zote mbili kwenye daftari, wakala akasaini, kisha akaziingiza kwenye faili ya kompyuta. Wakala akalipwa kilo 84. Siku mbili baadaye bosi anafungua faili anakuta kilo 48 tu. Pesa ya kilo 36 imetoka, mzigo wenyewe umeshachanganywa na mwingine na kusafirishwa, na kwenye faili haupo. Bei ya mabondo mnaijua wenyewe.

Binti akaitwa. Akasema aliingiza. Akaulizwa, sasa nani kafuta? Faili inasema aliyeigusa mwisho ni User. User ni nani? Ni wote pale ofisini. Lakini kompyuta ya mizani ipo mezani kwake, basi User akawa yeye. Akatoa daftari, akaambiwa daftari linaweza kuandikwa wakati wowote. Akakae nyumbani, bila mshahara, mpaka ijulikane. Alikaa wiki tatu.

Mimi niliitwa kwa jambo jingine kabisa, printa ilikuwa inang'ang'ania karatasi, ndipo nikasimuliwa. Nikaomba kuiona ile faili kwenye nakala waliyokuwa wameihifadhi siku ya ugomvi. Saa ya mabadiliko ya mwisho ilikuwa saa sita na dakika arobaini mchana wa siku ile ya mzigo. Nikamwuliza mhasibu, mzigo wa pili binti aliuingiza saa ngapi? Akasema saa kumi na moja jioni, na yeye mwenyewe alikuwepo, alimwona akiandika.

Hapo nikaketi chini. Faili iliyohifadhiwa saa kumi na moja jioni haiwezi kudai iliguswa mwisho saa sita mchana. Ila ukinakili faili kwenye Windows, nakala inabaki na saa ya mabadiliko ya ile ya awali. Maana yake kuna mtu aliichukua nakala mchana, akairudisha baadaye juu ya ile mpya. Tukaanza kupekua flashi moja baada ya nyingine. Ya kijana mmoja, mpwa wa bosi, ilikuwa nayo. Alinakili mchana ili akaifanyie kazi nyumbani Nyegezi, asibadilishe kitu, kesho yake asubuhi akairudisha, Windows ikamwuliza kama aweke hii mahali pa iliyopo, akakubali. Hakuiba wala hakuwa na nia mbaya. Kilo 36 zilipotea kwa kubonyeza mara moja.

Sasa wakuu, kwenye daftari la mizani kila mstari una saini ya mtu. Hakuna bosi pale Mwaloni atakayekubali daftari ambalo watu tisa wanasaini jina moja. Kwenye kompyuta tunakubali kila siku, na siku hesabu ikigoma anaumia yule mdogo kuliko wote. Ndiyo maana nasema akaunti ya mtu binafsi ni kinga ya mfanyakazi kabla haijawa kinga ya ofisi.

Binti alirudi. Wiki tatu zake alilipwa baada ya mhasibu kusimama naye. Siku nafunga akaunti mpya alikuja akasimama nyuma yangu, akauliza: "Kaka, ya kwangu itaandikwa jina langu?" Nikamwambia ndiyo dada, jina lako kamili, na nywila unaweka wewe mwenyewe, mimi nageuka pembeni.

Nilivyofanya nitaandika kwenye posti inayofuata.

---

Mleta uzi, naendelea.

Kwanza akaunti ya msimamizi. Akaunti ya kwanza unayotengeneza Windows ikiwa mpya huwa ya msimamizi, na watu wengi huishia kufanyia kazi hiyo hiyo miaka yote. Nilitengeneza moja mpya kwa kila kompyuta kwa ajili ya usimamizi tu, hakuna anayesomea barua pepe humo, hata mimi. Kila kompyuta na nywila yake tofauti. Ukiweka moja kwa zote, siku kompyuta moja ikidukuliwa zote zimekwenda. Orodha ipo kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa, ndani ya sefu ya bosi. Fundi asiwe mtu pekee anayejua, fundi naye anaugua, anahama, anakufa.

Halafu watu. Kila mtu akaunti ya kawaida, kwa jina lake. Msiandike Mhasibu au Mapokezi, maana mhasibu akibadilika akaunti inarithiwa kama kiti na historia inachanganyika. Pale mizani siku hizi wapo wawili kwa zamu, kwa sababu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 gari za Sengerema na Geita hazisubiri tena pantoni, mzigo unaingia hata usiku. Kompyuta ni moja, akaunti ni mbili.

Kwa wanaopenda njia ya haraka, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika:

net user asha * /add

Asha hapo ni mfano, weka jina la mtu wako. Ile nyota inafanya kompyuta iulize nywila bila kuionyesha kwenye skrini, kwa hiyo mpishe mwenyewe aandike. Akaunti inayozaliwa hivyo ni ya kawaida, haina usimamizi. Hii inakubali hata kwenye Windows ya Home ambayo haina ile programu ya kusimamia watumiaji na makundi.

Kuzuia mtu anayebahatisha nywila:

net accounts /lockoutthreshold:5 /lockoutduration:15 /lockoutwindow:15

Akikosea mara tano akaunti inajifunga dakika kumi na tano.

Sasa kwenye folda ndipo penye kazi. Pale hakuna seva, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine, ni kompyuta za kawaida zilizounganishwa, na kompyuta ya mhasibu ndiyo inayotunza mafaili. Kwa mpangilio huo kila kompyuta inajua watu wake tu. Karani akitaka kufungua folda iliyo kwa mhasibu, lazima kompyuta ya mhasibu nayo imjue, kwa jina lile lile na nywila ile ile. Kwa hiyo kila mtu nilimtengenezea akaunti mara mbili, kwenye kompyuta yake na kwenye ile inayotunza mafaili. Akibadilisha nywila, anabadilisha sehemu zote mbili. Inachosha kidogo, ila kwa kompyuta tisa inabebeka.

Na hapa ndipo nilipoelewa ofisi nyingi zinavyoishia kuwa wazi. Windows kwa kawaida haimruhusu mtu asiye na nywila kuingia kupitia mtandao, inamruhusu akiwa ameketi mbele ya kompyuta yenyewe tu. Mtu anaona folda haifunguki, anatafuta suluhisho, anakuta pa kuzima ulinzi wa nywila kwenye ushirikishaji, anazima, folda inafunguka, kila mtu anashangilia. Kuanzia hapo mgeni yeyote aliyepewa Wi-Fi anaweza kuingia kwenye hesabu zenu. Washeni tena hiyo sehemu, wapeni watu nywila.

Folda ukiifungulia Properties ina milango miwili. Mmoja ni kichupo cha Sharing, unahusu wanaopitia mtandao. Wa pili ni kichupo cha Security, unahusu kila mtu, hata aliyeketi hapo hapo. Mtu akipitia mtandao, milango yote miwili inampima na ule mkali zaidi ndio unaoshinda. Mimi kwenye Sharing nawaruhusu watumiaji wote wenye akaunti, halafu ubanaji wote naufanya kwenye Security, ili nikitafuta kosa nitafute sehemu moja. Manunuzi: makarani na mhasibu wanaandika, wengine wanasoma. Mishahara na nakala za vitambulisho vya wafanyakazi: bosi na mhasibu basi. Hilo la mwisho msilichukulie poa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za wafanyakazi wako zimo ndani yake.

Diski ikiwa imeumbizwa kwa mfumo wa mafaili wa exFAT au FAT32, kichupo cha Security hakionekani kabisa. Nimeshaitwa mara tatu kwa hilo, mafaili yako kwenye diski ya nje, watu wanatafuta ruhusa mpaka usiku. Diski ya mafaili iwe NTFS.

Mwisho nikawasha kumbukumbu, maana bila hiyo majina yapo lakini hakuna anayeandika nani kafanya nini. Ni hatua mbili, na wengi wanafanya moja. Unawasha ukaguzi wa mafaili kwenye kompyuta inayotunza, kisha unaingia kwenye Security ya folda yenyewe, sehemu ya Auditing, unasema nani afuatiliwe na kwa vitendo gani. Nilichagua kuandika na kufuta tu. Ukichagua na kusoma, kumbukumbu itajaa upesi na hutapata kitu. Matukio yanaonekana kwenye Event Viewer, programu ya Windows ya kusomea kumbukumbu, kwa namba 4663, kila moja lenye jina la mtu, faili na saa. Waliokosea nywila ni 4625, walioingia ni 4624. Ongezeni na ukubwa wa kumbukumbu, ule wa awali ni MB 20 tu, zikijaa yanafutwa ya zamani.

---

Mdau wa Igoma aliandika:
Mkuu, umetisha. Ila sisi tuna programu ya uhasibu ya zamani, bila kuwa msimamizi haifunguki. Tufanyeje?

Ndugu, hili nakutana nalo kila wiki. Mara nyingi programu ya namna hiyo inataka kuandika ndani ya folda yake yenyewe iliyo kwenye Program Files, na mtu wa kawaida haruhusiwi kuandika hapo. Usimpe mtu kompyuta nzima kwa sababu ya folda moja. Nenda kwenye folda ya hiyo programu, Security, wape watumiaji wa programu hiyo ruhusa ya Modify. Jaribu kwa akaunti ya kawaida. Kama bado inagoma, angalia kama inaandika na kwenye folda nyingine, wengine wanaweka data moja kwa moja kwenye mzizi wa diski C. Mimi mpaka leo ni programu moja tu iliyonishinda, na hiyo tuliitengea kompyuta yake peke yake, haina intaneti.

---

Mdau wa Buzuruga aliandika:
Bosi wetu anasema kampuni ni yake, lazima yeye awe msimamizi kwenye kila kompyuta. Unamwambiaje mzee wa watu?

Mkuu, heshima kwanza. Mimi nilimwambia hivi: "Mzee, funguo za sefu ni zako, lakini huzunguki nazo shingoni ukiwa sokoni." Nikamwonyesha bahasha. Mamlaka ni yake, ila akaunti anayosomea barua pepe ni ya kawaida. Barua yenye virusi ikifunguliwa na msimamizi, virusi navyo vinapata usimamizi. Na bosi ndiye anayeandikiwa barua nyingi za ulaghai kuliko wote, ankara za uongo, risiti za benki za uongo. Alielewa. Akitaka kuweka programu, Windows inamwuliza nywila ya msimamizi, anaiweka, anaendelea.

---

Mdau wa Nyegezi aliandika:
Nywila tuwabadilishie kila mwezi? Kwetu wanaandika kwenye karatasi wanabandika kwenye skrini.

Dada, wanabandika kwa sababu mnawabadilishia kila mwezi. Ushauri huo wa zamani umeshaachwa. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu mwongozo wake wa 2017 inasema msimlazimishe mtu kubadilisha kwa kalenda, abadilishe kukiwa na dalili kuwa imevuja. Na urefu unashinda zile alama za ajabu. Mimi nawaambia watunge maneno manne yasiyohusiana, ya Kiswahili au ya Kisukuma, mtindo wa jiwe kitumbua mwavuli ngariba. Msitumie hilo, limeshaandikwa hapa. Wala Sangara2025, wala namba ya simu, wala jina la mtoto. Karani wetu wa mizani ya kwake ina herufi zaidi ya ishirini na anaiandika bila kutazama.

Kingine cha kuwafundisha ni kitufe cha Windows pamoja na L. Unaponyanyuka kwenda kuchukua chai, bonyeza, skrini inajifunga. Nimeweka na kujifunga yenyewe baada ya dakika tano, kwa wanaosahau.

---

Mdau wa Mabatini aliandika:
Na mtu akiacha kazi? Kuna kijana wa mafunzo kwa vitendo kaondoka kwetu miezi sita, juzi tumeona bado anaingia.

Siku hiyo hiyo anaporudisha funguo, akaunti izimwe:

net user jina /active:no

Zima, usifute. Ukiifuta, kwenye ruhusa za mafaili yake jina linageuka mlolongo mrefu wa tarakimu na hujui tena ni nani. Na kama ofisi yenu ni kama ya Kirumba, kumbuka kuizima kote kote, kwenye kompyuta yake na kwenye ile inayotunza mafaili. Kisha badilisheni nywila ya Wi-Fi, na ya ruta kama alikuwa anaijua. Vijana wa mafunzo wapeni akaunti yenye tarehe ya mwisho tangu mwanzo, amri ile ile ya net user inakubali kuwekewa expires na tarehe.

---

Mdau wa Pansiansi aliandika:
Sisi tuna kompyuta 30, hii ya kutengeneza akaunti mara mbili mbili si kifo?

Ni kifo kweli, kaka. Ukivuka kumi hivi, tafuteni seva yenye domeni, akaunti zikae mahali pamoja na mtu aingie popote kwa jina lake. Na Windows isiyo ya seva haikubali zaidi ya kompyuta 20 kwa wakati mmoja kwenye folda zake, kwa hiyo mngekwama tu. Njia ya kulipia ni Windows Server na Active Directory, mfumo wake wa kutunza akaunti za domeni, ulioanza na Windows 2000. Isiyo na leseni ya kulipia ni Samba juu ya Linux, ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kuwa msimamizi wa domeni wa aina hiyo. Nimefunga moja Ilemela, inatembea vizuri, ila iwe na mtu anayeielewa karibu. Angalieni pia matoleo ya Windows mliyonayo, Home haiingii kwenye domeni, mnahitaji Pro. Na seva iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski ndiyo inayolipa.

---

Mdau wa Igoma aliandika tena:
Kuna mtu ametuwekea Windows "imefunguliwa" bila leseni kwa programu fulani, akasema tuzime kinga ya virusi kwanza. Ni sawa?

Si sawa ndugu yangu, na hili naomba usilipite. Programu inayokutaka uzime mlinzi ndipo iingie, umeipa nyumba. Nyingi za namna hiyo hubeba virusi vya kuiba nywila, na kazi yote ya akaunti niliyoeleza hapo juu inakuwa bure. Masasisho nayo yawe yamewashwa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya ofisi dunia nzima kikipitia mlango wa zamani wa kushirikisha mafaili, SMB toleo la 1, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wenye mashine zinazobeba Windows 11 wahamie.

Na nakala za akiba: diski ikimaliza kunakili, chomoa, ikae kabatini. Ikibaki imechomekwa, kirusi kikija kinaifunga nayo.

---

Mdau wa Kirumba aliandika:
Kazi yote ilichukua siku ngapi, na imesaidia?

Jumamosi mbili. Ya kwanza akaunti na folda, ya pili kumfundisha kila mtu kwenye meza yake, mmoja mmoja, kwa taratibu. Wiki ya kwanza simu yangu ililia sana, waliosahau nywila, waliojifungia. Wiki ya tatu ikatulia.

Mwezi uliopita magunia ya dagaa yakatofautiana tena, daftari lina 60, faili ina 16. Bosi akanipigia simu, sauti imeshapanda. Nikamwambia mzee, mpe mhasibu simu. Tukafungua Event Viewer pamoja, tukatafuta ile 4663 ya faili hiyo, ikatoka na jina la mhasibu mwenyewe, saa nne na robo asubuhi, alikuwa anarekebisha mstari wa juu yake. Akacheka, akasahihisha, akamwambia bosi hapo hapo kuwa ni yeye. Karani wa mizani alikuwa hajamaliza hata kupima gunia lililokuwa mbele yake.